Boda Akishuka

Njeri ndiye aliyenisumbua niandike. "Shosho, andika kabla hujasahau," aliniambia, maana ofisini mwenu mimi ni bibi wa wote, na vijana wote wa meza ya dirishani wakatikisa vichwa kama wazee wa kanisa. Nikamjibu kwamba kusahau ni kazi ya watu wenye shughuli. Mimi sasa niko Mutuini, nina ng'ombe mmoja mwenye kiburi, migomba kidogo, na jirani anayejenga nyumba za kupanga mpaka karibu aniingilie jikoni. Wakati ninao. Habari za kupandishwa cheo sitawaandikia, maana hazikumfundisha mtu chochote, hata mimi niliyepandishwa. Nitawaandikia juu ya kuona. Tangu nikiwa msichana hadi juzi mliponikatia keki iliyoandikwa jina la mtu mwingine, kazi yangu imekuwa kutazama picha, na miaka ya mwisho kuifundisha mashine itazame pia. Mashine ilikuwa mwanafunzi mzuri. Haikuwahi kuomba ruhusa ya kwenda mazishini.

Nilianza kwenye studio ya picha katikati ya jiji, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mwenye studio alikuwa Bwana Harbans, Singasinga mwenye ndevu nyeupe na ulimi wa wembe. Siku ya kwanza alinipa picha ya arusi akaniuliza naona nini. Nikasema, "Bibi arusi ana furaha." Akanitazama kama aliyeuziwa maziwa yenye maji. "Furaha haiko kwenye karatasi, binti. Kwenye karatasi kuna nini?" Nikatazama tena. Nikasema kuna meno. "Mangapi?" Nikahesabu. Alipokuwa ameridhika na meno, akaniuliza mwanga unatoka upande gani, nikakosea, akanirudisha kwenye kiti nikatazame tena mpaka nipate. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimepata kazi kwa mwendawazimu.

Nilikaa naye miaka mingi. Alinifundisha chumba cha giza: taa nyekundu, trei za dawa, koleo la mbao, vidole vinavyobadilika rangi na kunuka siki hata ukila chapati Jumapili. Vijana wa siku hizi hamjaiona picha ikizaliwa, na kusema kweli nawaonea huruma. Karatasi nyeupe inalala kwenye maji, halafu pole pole vinakuja vitu vyeusi kwanza. Nywele. Mboni za macho. Mstari wa taya. Kwa muda mfupi unaona mistari na madoa tu, hujui ni ya nani, halafu ghafla, kumbe ni yule mama wa jana aliyekataa kuvua kofia! Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa natazama somo la kazi yangu ya pili.

Baadaye watu walianza kubeba kamera mfukoni, ndani ya simu, na hakuna aliyepanda ngazi zetu isipokuwa wa pasipoti. Bwana Harbans alifunga studio bila hotuba. Alinipa kioo chake cha kukuzia, akaniambia nisikitumie kusoma magazeti maana hakuna kitu mle, akaenda kukaa na binti yake. Nilimlilia kuliko nilivyotarajia.

Kazi ya pili niliipata kwa sababu ya maparachichi. Kijana mmoja aitwaye Kibet, mhandisi aliyetoka chuoni na suruali bado ina mkunjo wa pasi, alikuwa ameanzisha kampuni kwenye jengo lenye lifti inayofanya kazi ikijisikia. Alitaka mtu wa kupiga picha maparachichi ya wanaouza ng'ambo, picha nyingi sana, ili afundishe kompyuta kutenga mazuri na mabaya. "Ni mashine iliyoigwa kutoka kwa ubongo," aliniambia kwa sauti ya mtu anayefichua siri ya serikali. Nikamuuliza, "Ubongo wa nani?" Akafikiri natania. Sikuwa natania, na swali hilo lilinirudia miaka mingi baadaye, kama mtakavyoona.

Kila kijana mpya nimemweleza mtandao wa neva, hiyo akili ya mashine, kwa njia yangu, na Kibet amenizoea, hanisahihishi tena. Chukua mtaa wenye chifu na wambea wake. Wambea wa chini kabisa hawajui habari nzima. Mmoja anajua kusema tu, "Hapa kuna mstari." Mwingine, "Hapa rangi inabadilika." Wanapeleka kwa wambea wa juu yao, ambao wanaunganisha: mistari hii ni ukingo, ukingo huu ni mviringo. Hao nao wanapeleka juu, mpaka habari inafika kwa chifu, naye anatangaza, "Hili ni parachichi." Chifu mwenyewe hajaona kitu. Akikosea, unamwambia, naye anarudi chini: wewe ulinipoteza, kesho nitakuamini kidogo, wewe ulisema kweli, kesho nitakusikiliza zaidi. Fanya hivyo mara nyingi kupita subira ya binadamu, na mtaa mzima unapata akili ambayo hakuna hata mmoja wao aliye nayo. Kichwani mwetu pia, kule kisogoni, ziko seli zinazoshtuka zikiona mstari uliosimama, na nyingine hazishtuki mpaka mstari ulale. Kutoka hapo mpaka kumtambua mama yako ni umbea tu.

Ubaya wa wambea ni kwamba wanasikia hata usichowaambia. Maparachichi mazuri tulikuwa tukiletewa asubuhi, mabaya mchana, na sote wawili, mimi na Kibet, tuliona ni mpango mzuri. Mashine ikafaulu mitihani yote. Kibet akatununulia soda. Asubuhi moja aliinua mguu juu ya meza ya picha afunge kamba ya kiatu, na skrini ikaandika: parachichi, daraja la kwanza. Akahamisha mguu. Daraja la kwanza. Akavua kiatu na soksi. Bado! Tukaelewa kwamba wambea wetu hawakujali tunda hata kidogo. Walikuwa wamejifunza mwanga wa asubuhi unaoingia kwa dirisha la kushoto. Bwana Harbans angenifukuza kazi. Tukaanza upya, tukicheka kwa uchungu, na tangu siku hiyo kabla ya kuisifu mashine yoyote tunaiuliza kwanza inatazama nini. Hiyo ndiyo nasaha yangu ya kwanza kwenu. Ya pili ni kwamba msiweke viatu juu ya meza.

Kampuni ikakua, tukahama kutoka katikati ya jiji, tukaja hapo mlipo sasa kando ya Waiyaki Way ambako kodi ina huruma kidogo. Ndipo Njeri alipoingia. Amezaliwa Kangemi, mama yake anauza viazi sokoni, na alikuja na marafiki zake wakitembea kwa miguu kutoka nyumbani. Kazi yao mnaijua: picha inatokea kwenye skrini, unachora kisanduku kuzunguka kila kitu, unakipa lebo. Gari. Mtu. Mti. Kibanda. Mbwa. Hao ndio walimu wa chifu. Watu wa nje hudhani mashine inajifunza yenyewe, na huwa nawaambia waje waone Njeri alivyo na macho mekundu Ijumaa jioni.

Sasa nifike kwenye mradi wa malori, ambao ndio ulionifanya nikubali kuandika.

Mwenye malori alikuwa Bwana Suleman, mfanyabiashara wa familia ya zamani hapa Nairobi. Magari yake yanabeba mawe na kokoto, yanapita Dagoretti, Satellite, na mbele ya geti langu Mutuini yakitikisa vikombe kabatini. Alitaka kamera mbele ya kila lori, yenye akili ya kutambua kilicho njiani. Kibet alipanga amri mbili. Kamera ikiona mtu mbele ya lori, inashika breki yenyewe, bila kumngoja dereva. Ikiona kitu kingine inapiga kengele tu, dereva aamue, kwa sababu lori la mawe likishika breki kwa kila katoni inayopeperushwa na upepo, mawe yatamwagika na walio nyuma watakugonga.

Boda, pikipiki ya kubeba abiria, tuliiweka upande wa kengele. Ilikuwa na maana. Boda husogea yenyewe. Haijawahi kutokea Nairobi boda ikasubiri lori. Na lori likishika breki ya nguvu kila linapochomekewa na boda, halitatoka Dagoretti mpaka Krismasi. Kwa hiyo Njeri na wenzake walichora kisanduku kimoja, pikipiki na aliye juu yake pamoja, wakaandika: boda. Hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza? Unasimama kwenye steji ya pikipiki unaita "Boda!" na anayegeuka ni mwanamume, inayokuja ni pikipiki, na hujawahi kufikiri ni yupi kati yao uliyemwita.

Wangu mimi ni Baba Shiko. Amenibeba kila asubuhi kutoka nyumbani hadi kwenye lami kwa miaka, mvua na jua. Kwenye simu yangu ameandikwa "Boda Baba Shiko", na kwenye yake mimi ni "Mathe Kompyuta", mama wa kompyuta. Ni mtu wa maneno mengi na mwendo wa taratibu, havui helmeti hata akinywa chai, na reflekta yake, kizibao cha kijani cha kung'aa, mkewe huifua kila Jumamosi kama sare ya shule. Tulipohitaji boda wa kupita mbele ya lori siku ya majaribio, sikutafuta mbali.

Tulikodi kiwanja kilichozungushiwa mabati upande wa Satellite. Lori lilikuwa tupu, likitambaa tu, na dereva wa Bwana Suleman aliambiwa mguu usiende mbali na breki. Mimi nilikaa kando yake nikitazama skrini. Tukatupa katoni, kengele ikalia. Tukapitisha mbuzi wa kuazima, kengele ikalia, mbuzi akala katoni. Tukasimamisha sanamu tuliyoishona kwa godoro kuukuu, tukaivisha shati la Kibet, na lori likajifunga breki lenyewe kwa kishindo. Tukashangilia. Hatimaye Baba Shiko akakata mbele yetu mara ya kwanza, mara ya pili, kengele ikilia vizuri kama ilivyopangwa. Mara ya tatu cheni yake ilichomoka. Akasimama katikati, akashuka, akachuchumaa kuirudisha, mgongo kwetu.

Kengele ililia. Lori likaendelea. Nikaona kwenye skrini kisanduku kimoja kikubwa, na juu yake: boda. Nikapiga yowe, "Ngai! Shika!" lakini dereva alikuwa ameshashika kwa mguu wake mwenyewe, na tukasimama mbali kidogo na Baba Shiko, ambaye hata hakugeuka. Alikuwa anaitukana cheni.

Alipomaliza alikuja kuona tunashangaa nini. Akasimama mbele ya kioo, helmeti kichwani, reflekta kifuani. Skrini ikaandika: boda. Akaiacha pikipiki, akatembea kando. Visanduku vikawa viwili. Kwenye pikipiki: boda. Kwenye Baba Shiko, akitembea kwa miguu yake miwili: boda. Vijana wakaanguka kwa kicheko. Mmoja akamwita, "Baba Shiko, ruka tuone!" Akaruka. Boda. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akashika magoti. Halafu akapanda ngazi ya lori, akachungulia skrini kupitia dirishani, akaniuliza, "Kwani hata nikishuka, Mathe?"

"Hata ukishuka."

"Na nikiwa chini pale natengeneza, hii kitu ingenikanyaga?"

Dereva alijibu badala yangu. "Ningekuwa nimelala, ndiyo."

Hapo akaacha kucheka, akatusimulia habari za Njoro, na kwa sababu wengi wenu hamkuwepo nitazisema kama alivyozisema. Njoro alikuwa mwenzake wa steji. Siku moja alipata pancha kwenye barabara yetu, akachuchumaa kando ya pikipiki yake kuitengeneza, na lori likampata hapo hapo. Mtu wa steji akampigia mke wa Njoro simu. Akamwambia, "Boda ya Njoro imegongwa na lori." Mama akauliza kama imeharibika sana. Akaambiwa sana. Akasema pole, basi leo atarudi kwa miguu, atachelewa.

"Akamwekea chakula," Baba Shiko akasema. "Akakifunika na sahani. Tulipofika na padri ndiyo akaelewa. Kila mtu alisema imegongwa. Hakuna mtu hata mmoja alisema amegongwa."

Nilirudi ofisini. Niliwaza lile swali langu la zamani, mashine ina ubongo wa nani, na sasa jibu nilikuwa nalo. Ulikuwa wetu. Mtaalamu wa mbali, ambaye hajawahi kuita "Boda!" maishani, asingefanya kosa hili. Angechora mtu na angechora pikipiki, basi. Ilitakiwa watu wa Nairobi, wenye Kiswahili cha steji, kuifundisha mashine kwamba mtu akipanda pikipiki anageuka kuwa sehemu yake, na hata akishuka hapati tena kuwa mtu.

Kikao cha jioni ile kilikuwa kigumu. Tulitakiwa kukabidhi kamera wiki hiyo hiyo, na Bwana Suleman alikuwa ametuambia wazi kwamba kuna kampuni ya ng'ambo inamngoja kwenye simu. Akituacha, kikosi cha Njeri kingekuwa cha kwanza kuambiwa kipumzike nyumbani, na kule Kangemi mtu hapumziki nyumbani kwa hiari. Dawa ya haraka haikuwepo. Tungeihamisha boda upande wa breki, malori yangerusha mawe barabarani. Ilibidi kurudia picha zote zenye pikipiki, moja moja, kumtenga mtu na chombo, na kumfundisha chifu upya.

Kibet alijikuna shingo akasema, "Lakini dereva alishika breki. Dereva atakuwepo kila siku."

Nilipandwa na mori. Mnaonijua mnajua mori wangu hauchukui muda kupanda. "Dereva alishika kwa sababu leo ni mara ya kwanza kuiona hiyo kamera!" nikamwambia. "Akikaa nayo miezi, ikimshikia breki kila siku, ataiamini. Ataanza kula mahindi akiendesha. Na siku hiyo cheni ya mtu itachomoka."

"Shosho, wewe unastaafu," Kibet akasema, bila ubaya. "Hawa wanabaki."

Alikuwa na haki. Ni rahisi sana kuwa shujaa ukiwa na ng'ombe wako anayekungoja nyumbani. Sote tukamgeukia Njeri. Alikaa akiizungusha kalamu mezani. "Sisi ndio tulichora," akasema mwishowe. "Kaka yangu anaendesha boda. Nimemchora nani kwa hizo picha, mimi sijui. Twende tumwambie huyo mzee. Akitufukuza, atufukuze tukiwa tumesema."

Tukaenda watatu. Ofisi ya Bwana Suleman iko mjini, nyuma ya duka lake la vipuri, na hakuna anayeongea kabla ya kunywa chai ya tangawizi kali kuliko dawa ya kikohozi. Kibet alieleza yote, wambea na chifu na visanduku, na hakuficha kitu. Kwa hilo nitamheshimu mpaka nife. Bwana Suleman alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwa hivyo," akasema, "mimi nimelipia akili bandia, mmeniletea makanga wa matatu, asiyejua mtu na mzigo."

Njeri alitaka kucheka akajizuia.

"Mama, na wewe unasemaje?" akaniuliza mimi.

"Nasema lori lako linapita kwangu kila siku, Bwana Suleman. Na mimi hupanda boda."

Akafumbua macho. "Wallahi, gari langu likimgonga mtu, sitasimama mbele ya hakimu niseme nilidhani ni boda. Wala kwa Mungu sitasema." Akasukuma kikombe chake kando. "Nendeni mkafanye upya. Lakini Idd ikinikuta bila kamera, msirudi hapa, hata kwa chai."

Basi tukafanya upya. Sikuwahi kufanya kazi ngumu wala tamu kama ile. Kumtenga mtu na pikipiki kunaonekana rahisi mpaka ujaribu. Mkono unaishia wapi na usukani unaanzia wapi? Wamama wawili wamebanana kwenye kiti kimoja, mshikaki kamili, na katikati yao kuna kiatu kidogo cha rangi ya waridi. Basi yupo mtoto, mchore, hata kama humuoni. Tulikuta watu waliobeba kochi, watu waliobeba kabichi mpaka masikioni, mmoja amebeba mlango akichungulia kwenye tundu la kitasa. Mabishano yalipozidi, Njeri aliandika sheria ukutani kwa kalamu nyekundu: ANAYESHUKA NI MTU. ASIYESHUKA NI MZIGO.

"Na mbuzi?" kijana mmoja akauliza.

"Mbuzi hashuki. Anashushwa."

"Mlevi pia hushushwa."

"Mlevi ni mtu."

"Una hakika?"

"Chora!" Njeri akamkaripia, na ofisi nzima ikacheka, na hiyo sheria bado iko ukutani, msiifute mkipaka rangi.

Kibet naye alikaa nasi akichora kama sisi, mhandisi mzima, akiuliza "huu ni mguu au ni mtungi?" kila saa. Kisha akaifundisha mashine, akaipima, akaiuliza inatazama nini, akaifundisha tena. Tukarudi kule kiwanjani kabla ya Idd.

Bwana Suleman alikuja mwenyewe, akasimama kando na mwavuli wa jua. Tuliichuchumaza ile sanamu ya godoro kando ya pikipiki iliyosimama, mgongo kwa lori. Helmeti na reflekta alizitoa Baba Shiko, naye akabaki kando ya mabati kichwa wazi, mara ya kwanza kumwona hivyo. Kumbe ana upara. Lori likaanza kutambaa, nami ndani kando ya dereva. Dereva alikuwa ameinua mikono yote miwili kutuonyesha, na mguu ameuondoa kidogo tu, maana si mjinga. Kwenye skrini nikaona visanduku viwili. Kimoja: pikipiki. Kingine: mtu. Na breki zikajishika zenyewe, pshhh, vumbi likatupita.

Watu wakapiga vigelegele. Njeri alipanda ngazi ya lori akanirukia shingoni karibu anivunje. Bwana Suleman alifunga mwavuli wake akasema "Haya," ambalo kwake ni neno refu. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kama sijawahi kufurahi kazini.

Baba Shiko hakushangilia. Alikuja mpaka kwenye dirisha la lori akaniambia, "Godoro limeonekana. Mimi je?"

Tukazima injini. Dereva aliweka mawe chini ya magurudumu, mbele na nyuma, akayapiga teke kuhakikisha. Baba Shiko akavaa reflekta yake na helmeti yake, akasukuma pikipiki yake mpaka mbele ya lori, akachuchumaa kando ya gurudumu, mgongo kwetu.

"Imeniona?" akaita.

"Imekuona."

"Inasema nini?"

"Inasema mtu."

Akainama zaidi, kichwa karibu na ardhi, mikono kwenye gurudumu, kama anayetafuta pancha. "Na hivi? Hivi ndivyo Njoro alikuwa."

Nilitazama vizuri kabla ya kujibu. "Bado ni mtu, Baba Shiko."

Hakuinuka. Tulingoja. Mwishowe dereva alishuka kwenda kuona kama yuko sawa, akamkuta analia, mikono yake bado imeshika gurudumu. Dereva yule hakuwa mtu wa maneno. Alichuchumaa kando yake, akamwekea mkono mgongoni, akakaa naye hapo mbele ya lori lake mwenyewe.

Mimi nilikuwa ndani peke yangu. Kwenye skrini kulikuwa na pikipiki moja na watu wawili.